Ulizaliwa wapi, raia wa wapi, umeishi wapi: usaili wa bahati nasibu ya viza kwa mwenye uraia wa nchi mbili

Ukiingia steshenari mjini Mwanza kujaziwa fomu ya bahati nasibu ya viza ya Marekani, huenda kijana wa kompyuta akaanza na swali hili: "Wewe raia wa wapi?" Ukimjibu Tanzania, anaandika Tanzania kila palipo na nafasi ya nchi, anapakia picha, anachapa karatasi ya uthibitisho, mnamalizana. Kwa mtu aliyezaliwa Sengerema kwa baba na mama wa Sengerema, hakuna kilichoharibika.

Lakini huku Kanda ya Ziwa familia nyingi zimekaa pande mbili za mpaka. Kuna nyumba ambamo baba ni wa Rorya, mama ni wa Migori, Kenya, mtoto wa kwanza alizaliwa Kisumu na wa pili hospitali ya Bugando, Mwanza. Kuna watu wa Bukoba ambao mama zao walijifungulia Masaka, Uganda, kwa sababu ndiko kwao. Kwa watu hawa, swali lile moja la steshenari limebeba maswali matatu: ulizaliwa wapi, wewe ni raia wa wapi, na umeishi wapi. Kila moja lina kazi yake kwenye safari ya viza. Ukiyajibu yote kwa jibu moja, fomu itapokelewa bila kelele yoyote, na tatizo litakusubiri dirishani ubalozini, ukiwa umeshalipa nauli, daktari na ada.

Tuanze na kuzaliwa, kwa sababu bahati nasibu yenyewe inasimama hapo. Mpango huu ulitokana na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990, ukaanza kutoa viza mwaka wa fedha wa 1995. Sheria inaruhusu hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi zilizopeleka wahamiaji wachache Marekani. Nchi iliyopeleka zaidi ya watu 50,000 kwa miaka mitano inaondolewa. Ndiyo maana Nigeria haimo kwa miaka mingi, huku Tanzania, Kenya na Uganda zikiwa zimeendelea kuwemo. Na "mtu wa nchi" hapa maana yake ni mtu aliyezaliwa nchi hiyo. Pasipoti haiingii kwenye hesabu. Aliyezaliwa hospitali ya Sekou Toure pale Mwanza akakulia Nairobi, akapata pasipoti ya Kenya na kitambulisho cha Kenya, kwenye bahati nasibu bado ni mtu wa Tanzania. Aliyezaliwa Lagos hawezi kuingia kwa nguvu ya pasipoti ya Tanzania peke yake.

Chukua mfano wa binti aliyezaliwa Kisumu, mama Mkenya, baba Mtanzania wa Rorya. Alihamia Mwanza akiwa mdogo, kasoma Nyamagana, ana NIDA na pasipoti ya Tanzania. Fomu ikiuliza nchi aliyozaliwa, jibu ni Kenya. Ikiuliza nchi inayompa sifa ya kushiriki, jibu ni Kenya vilevile. Akiandika Tanzania kwa kuwa "mimi ni Mtanzania", amedai nchi isiyo yake kwa kanuni za mchezo huu, na ofisa ana haki ya kumnyima viza hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Haijalishi kwamba nchi zote mbili zimo kwenye orodha.

Njia za kutumia nchi nyingine zipo mbili tu. Ya kwanza ni ya mwenzi wa ndoa: unaweza kutumia nchi aliyozaliwa mkeo au mumeo, mradi nyote mmeandikwa kwenye fomu ileile, mnapewa viza wote, na mnaingia Marekani pamoja. Ya pili ni ya wazazi: kama hakuna mzazi wako hata mmoja aliyezaliwa katika nchi uliyozaliwa wewe, wala aliyekuwa mkazi wa huko ulipozaliwa, unaweza kutumia nchi aliyozaliwa mmoja wao. Wazazi wa Mwanza waliokuwa Lagos kwa masomo au kwa kazi ya muda, mtoto akazaliwa huko, wanaangukia hapa. Ukitumia njia hii, beba vyeti vya kuzaliwa vya wazazi na ushahidi wa kilichowapeleka huko. Maelezo ya mdomo hayatoshi.

Sharti la elimu nalipita haraka, ila nina neno kwa waliohitimu kidato cha nne. Kanuni inadai elimu kamili ya msingi na sekondari inayolingana na miaka 12 ya Marekani, au uzoefu wa kazi wa miaka miwili ndani ya miaka mitano iliyopita, kwenye kazi inayohitaji angalau miaka miwili ya mafunzo au uzoefu. Kwa mfumo wetu wa miaka saba ya msingi na minne ya sekondari, unapata 11; ukiongeza kidato cha tano na sita unapata 13. Kwa hiyo mwenye cheti cha kidato cha nne asiende na cheti hicho peke yake. Kama alisoma VETA, chuo cha ualimu au cha uuguzi, abebe na hivyo, pamoja na ushahidi wa ajira.

Sasa uraia. Marekani haikatazi mwombaji kuwa na uraia wa nchi mbili, wala haumwondolei mtu sifa. Inachotaka ni uuseme. Ukishachaguliwa unajaza fomu ya DS-260 mtandaoni, na humo kuna swali la wazi: je, una uraia mwingine, au umewahi kuwa nao, mbali na huu ulioutaja? Ukijibu ndiyo, unaulizwa ni wa nchi gani na kama una pasipoti yake.

Hapo ndipo Mtanzania anaposita, na sababu anayo. Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyezaliwa na haki ya uraia wa nchi mbili anatakiwa achague akishafikisha miaka 18, na mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa Tanzania. Jirani zetu wamekwenda njia nyingine. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine, na inamhesabu kuwa Mkenya wa kuzaliwa mtu yeyote ambaye siku anazaliwa alikuwa na baba au mama Mkenya, awe alizaliwa Kenya au nje. Uganda ilifungua mlango huo kwa marekebisho ya Katiba ya 2005 na sheria ya 2009, kwa masharti na maombi. Matokeo yake, mtoto wa mama wa Migori aliyezaliwa Bugando ni Mkenya kwa sheria ya Kenya na Mtanzania kwa sheria ya Tanzania, pengine bila yeye mwenyewe kujua.

Kwa hofu ya Uhamiaji, baadhi ya watu huamua kuficha pasipoti ya pili na kujibu hapana. Ninawasihi wasifanye hivyo. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, uongo wa makusudi kwenye jambo la msingi unaweza kukufungia viza za nchi hiyo maisha yako yote, na msamaha wake ni mgumu kupatikana. Uraia wa pili ambao usingekuletea madhara yoyote kama ungeusema ndio unaogeuka kosa ukiuficha. Tena unaonekana kwa urahisi: mihuri ya mpakani Sirari na Isebania kwenye pasipoti moja bila muhuri wa kurudi, cheti cha kuzaliwa cha Kenya, hati ya polisi yenye namba ya kitambulisho cha huko, maombi ya viza uliyowahi kuyafanya Nairobi kwa pasipoti nyingine. Alama za vidole ulizotoa siku ile zinabaki kwenye mfumo wao.

Kuna jambo linalowatuliza wengi wakilifahamu: kumbukumbu za maombi ya viza zinalindwa kama siri na sheria ya Marekani, ingawa zinaweza kutumika kutekeleza sheria za Marekani zenyewe. Ofisa wa dirishani hakai pale kusimamia sheria ya uraia ya Tanzania. Lakini hilo halikuondolei wajibu wako wa nyumbani. Kama unashika pasipoti mbili na umeshavuka miaka 18, kaa na wakili anayeijua sheria ya uraia kabla ya kujaza DS-260, uamue unasimama wapi. Uamuzi huo ni mkubwa kuliko viza, kwa sababu unagusa ardhi, kura na haki ya kurudi kwenu. Kama huna karatasi yoyote ya nchi ya pili ila mama yako ni wa huko, usijivike uraia ambao hujawahi kuuthibitisha, na wala usimfiche mama. Uwe tayari kueleza hali ilivyo ukiulizwa.

Na tusichanganye uraia na vitu vinavyofanana nao. Hadhi maalumu ambayo Tanzania iliiwekea sheria mwaka 2025 kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, siyo uraia. Kibali cha ukazi siyo uraia. Grini kadi yenyewe, yaani kadi ya ukazi wa kudumu Marekani, siyo uraia: Mtanzania anayeipata anabaki Mtanzania kamili. Swali la kupoteza uraia linakuja baadaye, kwa kawaida baada ya miaka mitano ya ukazi, atakapotaka kuapishwa kuwa Mmarekani. Mkenya wa kuzaliwa siku hiyo anabaki na vyote viwili. Mtanzania hatabaki navyo.

Kuanzia mwaka 2025 uraia umepata uzito mwingine. Juni mwaka huo Rais wa Marekani alitoa tangazo la kuzuia au kuwekea masharti wasafiri wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo kwenye kundi la masharti ya sehemu. Desemba orodha ikapanuliwa na Tanzania ikaingizwa kwenye kundi hilohilo la sehemu, linalogusa viza za uhamiaji, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Desemba hiyohiyo serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha mpango mzima wa bahati nasibu. Kwa mwenye uraia wa nchi mbili, tangazo lilikuwa na kifungu kimoja cha kusoma kwa makini: zuio halimgusi mwenye uraia pia wa nchi iliyo nje ya orodha, anaposafiri kwa pasipoti ya nchi hiyo. Kifungu hicho kinahusu zuio la nchi. Hakifungui mpango uliofungwa, na hakibadilishi kanuni ya kuzaliwa. Kwa hiyo kabla hujamlipa daktari, kabla hujakata tiketi, fungua tovuti ya ubalozi na ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani usome hali ilivyo wiki hiyo. Ada ya viza, dola 330 kwa kila mtu hata mtoto mchanga, hairudishwi ukinyimwa.

Swali la tatu, umeishi wapi, ndilo linalotafuna muda. Kila mwombaji wa miaka 16 na zaidi anatakiwa kuleta hati za polisi. Kutoka nchi ambayo wewe ni raia wake, hati inadaiwa kama umewahi kuishi huko zaidi ya miezi sita. Kutoka nchi unayoishi sasa, ni miezi sita vilevile. Kutoka nchi nyingine yoyote, ni kama uliishi mwaka mmoja au zaidi ukiwa umeshafikisha miaka 16. Na popote ulipowahi kukamatwa, hata kwa siku moja, hati inahitajika.

Angalia uraia unavyoigeuza hesabu hiyo. Kijana wa Mwanza aliyekaa Kisumu miezi minane kwa mjomba akifanya biashara ya samaki: kama ni Mtanzania tu na amesharudi, Kenya haimdai hati, maana hajafika mwaka. Kama ni raia wa Kenya pia, miezi minane inatosha kumdai. Hati ya Kenya inaombwa kwa idara ya upelelezi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na alama za vidole unazitoa mwenyewe, kwa mfano Huduma Centre ya Kisumu. Ya Uganda inatolewa na Interpol Kampala. Ya hapa ni kwa Jeshi la Polisi, nayo ina alama za vidole. Nchi tatu, foleni tatu. Ukisubiri barua ya usaili ndipo uanze, utachelewa. Makazi hayohayo ndiyo pia yanayoamua utahojiwa wapi, kwa utaratibu wa kuhojiwa katika nchi unayoishi au ambayo wewe ni raia wake. Mwenye uraia wa nchi mbili ana hoja ya kwenda Dar es Salaam au Nairobi, lakini aitaje nchi hiyo kwenye DS-260 tangu mwanzo. Kuhamisha faili baadaye kunakula wiki.

Nimeacha majina hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yanayowatesa watu wa mipakani kuliko pasipoti zenyewe. Weka mezani karatasi za yule binti wa Kisumu. Cheti cha kuzaliwa cha Kenya kinasema Atieno, na kando yake jina la ukoo wa mama, kwa kuwa baba hakuwepo siku ya kuandikisha. NIDA inasema Neema Atieno na jina la baba, na mahali pa kuzaliwa pameandikwa Rorya, kwa kuwa mtendaji wa kata alijaza wanakotoka wazee. Cheti cha NECTA kina Neema, herufi A na nukta, kisha jina la babu. Tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki ni tofauti na ya kwenye cheti kwa siku kumi. Sisi kwetu huyu ni mtu mmoja, kila mtu mtaani anamjua. Kwa ofisa anayesoma kurasa hizo kwa mara ya kwanza, wanaweza kuwa wawili. Na kile kisanduku cha Rorya ni kibaya kuliko vyote, kwa sababu kinapingana na nchi aliyoitumia kuingilia kwenye bahati nasibu.

Dawa yake ni kurekebisha chanzo mapema. Kosa la NIDA linarekebishwa NIDA, na pasipoti ifuate. Cheti cha kuzaliwa kinarekebishwa kilikotolewa: RITA kwa Tanzania, ofisi ya usajili wa vizazi kwa Kenya. Pale ambapo jina lilibadilika kweli, hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa inaeleza mabadiliko hayo. Kiapo cha wakili hakigeuzi Kisumu kuwa Rorya, na asikudanganye mtu kwamba kinaweza. Wala usikubali cheti kipya cha kuzaliwa cha nchi ya pili "ili mambo yalingane". Mtu mwenye vyeti viwili vya kuzaliwa vya nchi mbili ana tatizo kubwa kuliko mwenye jina lililokosewa herufi. Kama karatasi yako ni ya Kiswahili, kwa usaili wa Dar es Salaam lugha rasmi ya nchi inakubalika, lakini tafsiri ya Kiingereza yenye sahihi ya mfasiri na maelezo kwamba anazimudu lugha zote mbili itakupunguzia maswali.

Mke, mume na watoto wote wasioolewa walio chini ya miaka 21 lazima wawe waliandikwa tangu fomu ya kwanza, hata wasiosafiri, hata mtoto anayelelewa na mama yake ng'ambo ya ziwa. Aliyeachwa kwenye fomu kwa makusudi anaweza kuiangusha familia nzima.

Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,100 kwa barabara, na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi lazima umwone kabla ya usaili. Panga kukaa siku kadhaa. Utapewa chanjo zinazopungua, na kuanzia miaka 15 unapigwa picha ya kifua. Kama uliwahi kuugua kifua kikuu, au umefanya kazi migodini Geita na kifua chako kina historia, beba kumbukumbu za matibabu. Picha ikileta shaka, makohozi huoteshwa maabara na majibu yanaweza kuchukua miezi miwili.

Siku yenyewe, nenda na barua ya usaili, ukurasa wa uthibitisho wa DS-260, pasipoti zote ulizonazo, pamoja na za zamani zilizokwisha muda, na kila hati halisi na nakala yake. Unainua mkono, unaapa, unaweka vidole kwenye mashine. Maswali huwa mafupi: ulizaliwa wapi, nani alikujazia fomu, mkeo mlikutana vipi, umesoma wapi, utafikia kwa nani. Ukiulizwa kwa nini una pasipoti mbili, jibu linatosha kwa sentensi moja: "Mama yangu ni Mkenya, niliipata mwaka fulani, na nimeiandika kwenye fomu." Kisha nyamaza, umsubiri akuulize linalofuata. Kama aliyekujazia steshenari alikosea jambo kwenye DS-260, mwambie ofisa mwanzoni, kabla hajaligundua, na uombe lirekebishwe. Marekebisho uliyoyaanzisha wewe hupokelewa kwa namna tofauti kabisa na yale uliyobanwa ukayakubali.

Ofisa akikupa karatasi ya kipengele cha 221(g), kwa kawaida hujanyimwa moja kwa moja. Kuna hati anaidai au uchunguzi unaendelea. Hapo saa inayotisha ni ya kalenda. Waliochaguliwa kwa mwaka wa 2025 walikuwa watu wapatao 131,000 pamoja na familia zao, wakigombea viza zisizofika nusu ya idadi hiyo, na mwaka wa fedha wa Marekani hufungwa tarehe 30 Septemba. Viza ambayo haijatolewa usiku huo haitolewi tena, hata kama hati ya polisi ya Kisumu inafika asubuhi ya tarehe 1 Oktoba.